KALAMU, NUKTA NA BIKARI: Sanaa ya Maandishi na Michoro kwa Mwanafunzi wa Madrasa



Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, pamoja na wazazi na walezi wetu wa Manundu na vitongoji vyake, katika toleo hili tumeona ni vyema tuzungumzie sanaa ya maandishi na michoro. Kila mwaka tunahitaji kadi za Maulidi, vyeti vya khitma, mabango ya matangazo, na jalada la jarida hili. Vyote hivyo ni lazima viandikwe na kupangwa na mtu. Swali ni hili: je, mtu huyo anajua anachokifanya? Na je, kwa nini asiwe mmoja wetu?

KALAMU INA HESHIMA YAKE

Hakuna dini iliyoipa kalamu daraja kubwa kama Uislamu. Wahyi wa kwanza aliouteremshiwa Mtume (s.a.w.) katika pango la Hira ulitaja kusoma na ukataja kalamu. Aidha iko sura nzima inayoitwa Al-Qalam. Ndiyo maana Waislamu wa mwanzo walipoandika hawakuridhika kuandika ilimradi. Waliandika kwa usahihi, kisha wakaandika kwa uzuri.

Usahihi ulitangulia. Maandishi ya mwanzo ya Kiarabu hayakuwa na irabu, na watu wa mataifa mengine waliposilimu ikawa rahisi kwao kukosea. Inasimuliwa kwamba Abul-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, aliweka nukta za rangi tofauti na wino wa maandishi ili kuonyesha irabu. Baadaye Al-Khalil bin Ahmad wa Basra akaleta alama za fat-ha, kasra na dhumma zinazofanana na hizi tunazozitumia leo. Zingatia jambo hili, ndugu mwanafunzi: rangi ile haikuwa pambo. Iliwekwa ili msomaji asikosee. Huo ndio msingi wa kwanza wa kazi hii, kwamba kila mstari na kila rangi iwe na sababu.

Kisha ukaja uzuri wenye kipimo. Huko Baghdad alikuwapo waziri aitwaye Ibn Muqla, aliyefariki mwaka 328 Hijria (940). Yeye aliweka kanuni ya kuzipima herufi. Unaigusa kalamu yako yenye ncha bapa kwenye karatasi mara moja, unapata nukta ya pembe nne iliyosimama kwa ncha. Nukta hiyo ndiyo rula yako. Urefu wa alifu hupimwa kwa nukta, na duara ambalo kipenyo chake ni alifu hupima herufi nyingine. Walimu wengi huhesabu alifu ya hati ya thuluthi kuwa nukta 7, na ya naskhi kuwa nukta 5. Kwa hiyo anayeandika kwa kalamu nene na anayeandika kwa kalamu nyembamba wote wawili wanapata herufi zenye uwiano mmoja. Ibn Muqla alipatwa na misukosuko ya siasa hata akakatwa mkono wake wa kulia, na inasimuliwa kwamba aliifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Tukumbuke kisa hicho pale tunaposema kuwa hatuna vifaa.

MSAHAFU ULIO MKONONI MWAKO

Huna haja ya kwenda mbali kuona kazi iliyopangwa vizuri. Fungua Msahafu uliochapwa Madina. Hati yake iliandikwa kwa mkono na Uthman Taha, aliyezaliwa mwaka 1934 katika eneo la Halab, nchini Syria. Una kurasa 604, na karibu kila ukurasa una mistari 15. Kila ukurasa unaishia mwisho wa aya, haukatizi aya katikati. Juzuu moja ni takriban kurasa 20. Mpangilio wa namna hii ulitumiwa tangu zamani na waandishi wa Dola ya Uthmaniya.

Kwa nini walijisumbua hivyo? Kwa ajili ya wewe unayehifadhi. Mwenye kuhifadhi hukumbuka na mahali: aya hii iko juu kulia, ile iko chini kushoto. Ukurasa ukiishia mwisho wa aya, somo la leo lina mwanzo na mwisho. Hesabu yake nayo ni nyepesi, kwani anayesoma kurasa 4 baada ya kila swala ya faradhi hukamilisha juzuu moja kwa siku. (Ikiwa Msahafu wako ni wa chapa ya Bara Hindi, hesabu ya mistari na kurasa inaweza kuwa tofauti, lakini nia ni ileile.) Mpangaji wa kurasa mwenye busara hujiuliza kwanza: nani atasoma, na atasoma kwa ajili gani?

URITHI WA PWANI YETU

Baadhi yetu hudhani sanaa hii ni ya Waarabu na Waturuki tu. Sivyo. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kisiwani Unguja, yapo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe pembeni mwa mihrabu, nayo yana tarehe ya mwaka 500 Hijria (1107). Katika mkoa wetu huu wa Tanga, kusini ya mji wa Tanga, yapo magofu ya Tongoni yenye msikiti wa kale na makaburi yaliyojengwa kwa mawe, mengine yakiwa na nguzo. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19 iliandikwa misahafu kwa mkono yenye mapambo ya rangi nyekundu, nyeusi na manjano. Wazee hao pia waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728 ni mfano mmojawapo.

Milango ya Unguja, Lamu na Mombasa ni kitabu kingine. Itazame fremu yake: mnyororo unaozunguka ukingoni, mawimbi, maua ya duara, majani yanayopanda kutoka chini hadi juu. Fundi hakuchonga maua hamsini tofauti. Alichora ua moja kwa bikari, akalirudia kwa nafasi sawa. Kurudia kwa nafasi sawa ndiko kunakoleta utulivu wa macho.

Nayo kanga iliyo mabegani mwa mama imetokana na akili ya wanawake wa pwani yetu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno. Tazama jinsi maneno machache yalivyowekewa mahali pake maalumu ili yasomeke. Zamani jina hilo liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Anayetaka kujifunza kupanga bango na akae na doti ya kanga kwa nusu saa, atapata somo kamili bila kulipa ada: ukingo, kitovu, na ujumbe.

TUPATE WAPI MAWAZO HAPA KOROGWE?

Wanafunzi wengi husema, "Ustadhi, sina wazo." Mawazo hayaji kwa kukaa kuyangoja. Huja kwa kutazama. Hapa kwetu yako mengi:

1. Shamba la mkonge. Simama mwanzoni mwa safu uangalie mistari inavyokimbilia mbali ikikaribiana. Kisha utazame mkonge mmoja kutoka juu, majani yake yametawanyika kutoka kitovu kimoja kama nyota.

2. Mkeka wa ukindu. Mama na bibi zetu husuka ukili kwa kuhesabu, huu juu, huu chini. Ukihesabu nawe utagundua kuwa nakshi yote ni hesabu inayojirudia, na rangi mbili zinatosha.

3. Kofia. Kofia ya kushonwa kwa mkono ina matundu madogo yanayopangwa kwenye mkanda na kwenye kifuniko. Nakshi ya mkanda lazima ikutane yenyewe bila kuacha pengo pale mwisho unapofikia mwanzo. Hapo pana somo kubwa la vipimo.

4. Chungwa. Likate kwa ukingamo, si kwa urefu. Utaona duara lililogawanywa vipande. Hilo tayari ni ua.

5. Hina na piko za harusini. Dada zetu wanaojua kupamba mikono wanajua jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni kuacha nafasi tupu. Mkono uliojazwa kila mahali haupendezi.

Kila mwenye nia na awe na daftari dogo lisilo na mistari. Kila siku achore kitu kimoja alichokiona. Baada ya mwaka atakuwa na ghala la mawazo yake mwenyewe, wala hatalazimika kuiba kazi ya mwenzake.

VIPI KUHUSU PICHA ZA VIUMBE?

Swali hili huulizwa kila mara. Wanachuoni wamelizungumzia kwa urefu, na wamekhitilafiana katika baadhi ya mambo, kama vile picha za kamera na michoro ya kufundishia. Sisi katika madrasa yetu tunashika njia iliyo salama. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kutengeneza picha, naye akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Hapa pana hekima. Ibn Abbas hakumwambia avunje kalamu yake na kukaa bure. Alimwonyesha mlango ulio wazi. Na mlango huo ni mpana: herufi, mimea, majengo, mito, milima ya Usambara, na maumbo ya hisabati. Mafundi wa Kiislamu walipita mlango huo kwa zaidi ya miaka elfu na hawajafika mwisho wake.

VIFAA VISIVYO NA GHARAMA KUBWA

Kalamu. Matete yaotayo kandokando ya mto yanafaa sana. (Mtoto asiende mtoni peke yake, aende na mtu mzima.) Chagua tete gumu lenye unene wa kidole kidogo, ulikaushe kivulini wiki kadhaa. Likate kipande cha urefu wa kalamu ya kawaida. Chonga ncha kwa kisu kikali iwe bapa, uikate kwa mshazari, kisha uipasue kidogo katikati ili wino ushuke. Kazi ya kisu ifanywe na mkubwa.

Wino. Masizi ya kibatari yanachanganywa na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa katika maji ya vuguvugu, yanasagwa kwa muda mrefu, kisha yanachujwa kwa kitambaa. Ndani ya kidau weka nyuzi za hariri au pamba ili kalamu isichote wino kupita kiasi. Asiye na nafasi ya kufanya hivyo atumie wino wa dukani au maka yenye ncha bapa.

Vinginevyo. Rula, bikari, penseli, kifutio, karatasi za manila, na ubao wa chaki. Mwanafunzi wa sekondari anavyo tayari katika mkebe wake wa hisabati.

ZOEZI: NYOTA YA PEMBE NANE

Katika misahafu mingi utaona alama ya nyota ya pembe nane pembeni au ndani ya mstari. Hiyo huonyesha robo ya hizbu. Msahafu una hizbu 60, na kila hizbu ina robo 4, hivyo robo zote ni 240. Leo tuichore wenyewe.

1. Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 6.
2. Pitisha mstari wa wima na wa mlalo katikati yake. Sasa una nukta 4 kwenye ukingo wa duara.
3. Weka bikari kwenye nukta mbili zilizo jirani, moja baada ya nyingine, uchore tao mbili zikutane nje ya duara. Pitisha mstari kutoka makutano hayo hadi ng'ambo kupitia kitovu. Fanya hivyo upande wa pili. Sasa una nukta 8.
4. Zipe namba 1 mpaka 8 kwa kuzunguka. Unganisha 1, 3, 5 na 7. Umepata mraba.
5. Unganisha 2, 4, 6 na 8. Umepata mraba wa pili juu ya wa kwanza. Nyota imekamilika.

Pima upande wa kila mraba. Ukiwa umechora vizuri utapata karibu sentimita 8 na nusu. Ukipata tofauti kubwa, rudia hatua ya tatu.

Sasa ichore nyota hiyo mara nne, ncha zikigusana juu, chini na ubavuni. Tazama katikati yao. Limejitokeza umbo la pili lenye mikono minne iliyochongoka, ambalo wewe hukulichora. Nakshi hiyo hutandazwa kwenye kuta na sakafu katika nchi nyingi za Kiislamu. Paka nyota rangi moja na umbo la pili rangi nyingine, na jalada la daftari lako limepatikana.

KOMPYUTA: FAIDA NA HATARI YAKE

Siku hizi kazi nyingi humalizikia kwenye kompyuta. Zipo programu za bure zinazofaa, kama Inkscape kwa michoro ya mistari na GIMP kwa picha. Zipo pia fonti za Kiarabu za bure, mojawapo ikiwa Amiri, iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Misri. Anayejifunza ajue mambo machache ya uchapaji. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Picha ya kuchapwa iwe na nukta 300 kwa inchi. Mchoro unaofika ukingoni uzidishwe milimita 3 kila upande ili mkato usiache weupe. Kioo cha kompyuta hutumia mwanga, na karatasi hutumia wino, hivyo rangi inayong'aa kwenye kioo itafifia kidogo kwenye karatasi.

Lakini hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasikilize kwa makini. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo. Baa ikiwa peke yake, mwanzoni, katikati na mwishoni, ina sura nne. Programu nyingine, hasa za zamani, hazijui kanuni hiyo. Ukinakili maneno ya Kiarabu ukayaweka humo, herufi huachana, na pengine hupangwa kinyume, kutoka kushoto kwenda kulia. Tumeshaona mabango ya shughuli za dini yaliyoharibika namna hiyo, yakatundikwa barabarani kwa siku nyingi, na wapita njia wasijue kuwa kilichoandikwa pale si neno kabisa.

Hata bila kompyuta, nukta moja inatosha kuharibu. Andika neno "rahma" kwa Kiarabu, kisha iweke nukta moja juu ya raa. Umepata "zahma", yaani msongamano, ambalo ndilo asili ya neno letu zahama. Ulikusudia kuwaombea watu rehema, ukawaandikia zahama! Ikiwa hali ni hiyo katika neno moja la kadi, itakuwaje katika aya ya Qur'ani?

Kwa hiyo tunanasihi yafuatayo:

(a) Maandishi yoyote ya Kiarabu yasichapwe mpaka yasomwe na mwalimu, herufi kwa herufi, kutoka kwenye karatasi ya majaribio na si kwenye kioo cha kompyuta.

(b) Asiyejua kusoma Kiarabu asiachiwe kazi hiyo peke yake, hata akiwa fundi hodari wa kompyuta. Ajifunze, au akae na anayejua.

(c) Aya na majina ya Allah yasiwekwe kwenye vitu vitakavyotupwa, kukanyagwa au kufungiwa vitumbua. Tangazo la wiki moja halina haja ya aya. Herufi nzuri za Kiswahili na nakshi ya pindoni zinatosha.

(d) Kazi ya mwenzako ni amana. Kuchukua mchoro wa mtu na kuuwekea jina lako ni kula jasho lake.

Mkitengeneza bango, litundikeni ukutani, rudini nyuma hatua 20. Ikiwa jambo, tarehe na mahali havisomeki kwa mara moja, punguzeni maneno, msiongeze rangi.

MAZOEA YA KILA SIKU

Mkono hujifunza polepole. Walimu wa hati humpa mwanafunzi herufi moja aiandike siku kadhaa kabla ya kuvuka kwenda nyingine. Sisi tunapendekeza dakika 20 kila siku baada ya Alasiri: alifu wiki ya kwanza, baa wiki ya pili, na kuendelea. Dakika 20 za kila siku zina faida kuliko saa tatu za Ijumaa moja na kisha kuacha. Tunza karatasi ya kwanza, uilinganishe na ya mwezi wa tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

NENO KWA WAZAZI

Baadhi ya wazazi wakimwona mtoto anachora husema anapoteza muda. Ni kweli kwamba akiacha Qur'ani na masomo ya shule kwa ajili ya kuchora, amepotea. Lakini mtoto anayechora nyota ya pembe nane anafanya hisabati, na anayeandika herufi kwa kipimo anajifunza subira. Tena ipo riziki ya halali humo: waandika vibao vya maduka, wachapaji wa fulana, wachongaji wa milango, washonaji wa kofia, wapangaji wa vitabu. Kijana wa Manundu aliyemaliza shule naye anaweza kufungua njia ya kazi kwa kalamu na bikari, kabla hajapata mtaji wa kompyuta. Tunachowaomba ni daftari moja na bikari moja, na mumuulize mwanenu jioni: leo umechora nini?

Tunamuomba Allah (s.w.) aijaalie mikono ya watoto wetu iwe ya kuandika kheri, na aifanye kalamu kuwa shahidi kwa ajili yetu na si dhidi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.